Dk. Du Bois: Mwanachuoni Aliyehamia Nyumba Mpya Akiwa na Miaka 93

Wasomaji wetu wengi wamepata kulisikia jina la Dk. William Edward Burghardt Du Bois, hasa kila inapozungumzwa habari ya umoja wa Afrika. Hutajwa kuwa ndiye baba wa mikutano ya Pan-Afrika, na mara nyingi habari zake huishia hapo. Ni wachache wanaojua kwamba mwanachuoni huyo, aliyezaliwa Marekani na kufanya kazi huko kwa zaidi ya nusu karne, alifunga mizigo yake akiwa na umri wa miaka 93, akavuka bahari pamoja na mkewe, akaanza maisha mapya katika nyumba mpya mjini Accra. Umri huo kwa watu wengi ni wa kukaa kivulini na kungoja siku. Kwake yeye ulikuwa umri wa kuanza kazi ambayo alikuwa ameiota kwa miaka 52.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi mzee huyo alivyofika Ghana, kazi gani iliyompeleka huko, maisha aliyoyakuta, na nini kilichobaki baada yake. Tunafanya hivyo kwa sababu swali alilojiuliza yeye bado liko mbele yetu: maarifa ya Afrika yaandikwe na nani, na yaandikiwe wapi?

MTOTO WA GREAT BARRINGTON

Du Bois alizaliwa tarehe 23 Februari 1868 katika mji mdogo uitwao Great Barrington, jimbo la Massachusetts, kaskazini ya Marekani. Wakati huo ilikuwa haijatimia miaka mitatu tangu utumwa ukomeshwe katika nchi hiyo nzima. Baba yake aliondoka nyumbani mtoto angali mchanga, na mama yake, Mary Burghardt, akamlea kwa taabu miongoni mwa ndugu zake. Ukoo huo wa Burghardt ulikuwa umekaa katika bonde lile kwa vizazi kadhaa. Mkubwa wao aliyejulikana, Tom, alikuwa ametekwa Afrika ya Magharibi na kupelekwa Marekani kuwa mtumwa wa familia ya Kidachi, na ni kutoka kwa mabwana hao ukoo ulikopata jina lake.

Katika nyumba za ukoo huo kulikuwa na wimbo mmoja mfupi uliorithishwa kutoka kwa bibi wa zamani aliyeletwa kutoka Afrika. Watoto waliimbiwa, nao wakaja kuwaimbia watoto wao, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyejua maana ya maneno yake. Tukitazama vizuri tutaona kwamba huo ndio uliokuwa urithi wote wa Kiafrika alioupata Du Bois utotoni: maneno machache ya lugha isiyojulikana. Mengine yote juu ya Afrika ilimbidi ayatafute vitabuni, na vitabu vyenyewe viliandikwa na watu walioamini kwamba Mwafrika hana historia.

Mama yake alifariki mwaka 1885. Mwaka huo huo kijana huyo akaenda Chuo cha Fisk, mjini Nashville, ambako kwa mara ya kwanza aliishi miongoni mwa Weusi wengi na kuuona ubaguzi wa kusini ya Marekani kwa macho yake mwenyewe. Alimaliza Fisk mwaka 1888 akaingia Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akasoma Berlin, Ujerumani, tangu mwaka 1892 hadi 1894. Mwaka 1895 Harvard ikampa shahada ya udaktari, naye akawa Mweusi wa kwanza kupata shahada hiyo katika chuo kile. Tasnifu yake ilihusu juhudi za kukomesha biashara ya watumwa kutoka Afrika kwenda Marekani, nayo ilichapishwa kitabu mwaka 1896.

KAZI YA KALAMU

Mtu mwenye elimu kama hiyo, lau angekuwa Mzungu, angegombewa na vyuo vikuu. Du Bois hakupata kiti katika chuo chochote kikubwa cha Wazungu. Alifanya utafiti mkubwa juu ya maisha ya Weusi wa mji wa Philadelphia, akipita nyumba kwa nyumba na kuwahoji maelfu ya watu, na kitabu kilichotokana na kazi hiyo mwaka 1899 kinahesabiwa kuwa miongoni mwa misingi ya elimu ya jamii nchini Marekani. Tangu mwaka 1897 alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Atlanta, chuo cha Weusi, na kwa miaka 13 alisimamia tafiti za kila mwaka kuhusu shule, makanisa, biashara na afya za watu wake.

Atlanta ilimpa jina, lakini pia ilimtia majonzi. Mwanawe wa kwanza, Burghardt, alifariki huko mwaka 1899, naye hakukubali azikwe katika udongo wa kusini, bali alimpeleka Great Barrington. Mwaka 1906 makundi ya Wazungu yaliwavamia na kuwaua Weusi mjini humo. Mwanachuoni huyo, ambaye silaha yake siku zote ilikuwa kalamu, alinunua bunduki, akaketi mlangoni kuilinda familia yake. Tangu hapo alianza kuamini kwamba takwimu na hoja peke yake haziwezi kumshinda mtu asiyetaka kusikia.

Mwaka 1909 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha kutetea haki za watu weusi kinachojulikana kwa herufi NAACP, na tangu mwaka 1910 hadi 1934 alikuwa mhariri wa jarida lake, The Crisis. Kupitia jarida hilo sauti yake iliwafikia watu ambao hawakuwa wamewahi kuingia chuoni. Alipingana na Booker T. Washington, aliyewataka Weusi wajifunze kazi za mikono na kuziacha siasa kwa muda. Alipingana pia na Marcus Garvey, aliyewahimiza warudi Afrika kwa wingi. Lakini mambo ya dunia hayana mwenyewe. Garvey, aliyeihubiri safari ya kurudi, hakujaliwa kukanyaga ardhi ya Afrika hata siku moja. Du Bois, aliyempinga, ndiye aliyekuja kuishi na kuzikwa huku.

AFRIKA KWANZA KATIKA MIKUTANO

Du Bois alihudhuria mkutano wa kwanza wa Pan-Afrika uliofanyika London mwaka 1900 kwa juhudi za wakili kutoka Trinidad, Henry Sylvester Williams. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza yeye mwenyewe aliitisha mkutano Paris, Februari 1919, wakati mataifa makubwa yalipokuwa yakigawana mali za walioshindwa. Wajumbe walikuwa 57. Mojawapo ya madai yao lilikuwa kwamba makoloni ya Kijerumani yasigawiwe kama nyama ya mawindo, bali yawekwe chini ya usimamizi wa mataifa, na wenyeji wapewe haki ya kujiendesha kadiri wanavyoendelea. Hapa hapana budi tukumbuke kwamba makoloni hayo yalikuwa pamoja na nchi zetu: Tanganyika, Rwanda na Burundi. Wakubwa wa Paris hawakuyajali sana maombi yale, lakini haidhuru tukajua kwamba palikuwa na mtu aliyeyatetea mambo yetu wakati sisi wenyewe hatukuwa na mlango wa kuingilia.

Mikutano mingine ilifuata mwaka 1921, 1923 na 1927. Mwishoni mwa mwaka 1923, akiwa na miaka 55, Du Bois alikanyaga Afrika kwa mara ya kwanza. Alifika Liberia kuiwakilisha serikali ya Marekani katika sherehe za kuapishwa Rais Charles King mwezi wa Januari 1924. Kisha, Oktoba 1945, ukafanyika mkutano wa tano mjini Manchester, Uingereza. Du Bois, mwenye miaka 77, alipewa heshima ya uenyekiti, lakini waliouandaa walikuwa vijana wa Kiafrika na wa visiwa vya Karibi: George Padmore, Kwame Nkrumah na wenzao, pamoja na Jomo Kenyatta wa Kenya. Hapo ndipo mzee alipoukabidhi mwenge. Mikutano ya awali ilikuwa ya wasomi wakiwaombea Waafrika. Mkutano wa Manchester ulikuwa wa Waafrika wakidai uhuru wenyewe.

NYUMBA ALIZOZIACHA

Mtu anayetaka kuelewa kwa nini Du Bois alihama uzeeni hana budi kuangalia nyumba alizowahi kuwa nazo. Mwaka 1928, alipotimiza miaka 60, marafiki zake walichanga fedha wakamnunulia nyumba ya zamani ya babu yake huko Great Barrington, ile aliyoishi utotoni. Ilikuwa imechakaa. Alifurahi mno, akachora mipango ya kuitengeneza ili iwe makao yake ya uzeeni. Lakini fedha hazikutosha, kazi zilimvuta huku na huko, na mwaka baada ya mwaka nyumba ile ilizidi kuoza. Mwaka 1954 aliiuza, na baadaye ikabomolewa. Leo mahali pale panahifadhiwa kwa kumbukumbu yake, lakini nyumba haipo.

Mkewe wa kwanza, Nina, alifariki mwaka 1950. Mwaka uliofuata alimwoa mwandishi Shirley Graham, wakanunua nyumba huko Brooklyn, New York. Nyumba hiyo nayo haikumpa utulivu. Mwezi wa Februari 1951 serikali ya Marekani ilimshtaki, pamoja na wenzake wa kituo cha kueneza habari za amani na kupinga silaha za nyuklia, kwamba walikuwa mawakala wa nchi ya kigeni wasiojiandikisha. Mzee wa miaka 82 alifungwa pingu kama mwizi. Mwezi wa Novemba mahakama ikaifuta kesi kwa kukosa ushahidi, lakini adhabu haikuishia hapo. Marafiki wengi walimkimbia, na kwa miaka kadhaa alinyimwa pasipoti.

Kwa sababu hiyo Ghana ilipopata uhuru tarehe 6 Machi 1957, mtu aliyekuwa ameimba wimbo wa uhuru wa Afrika kwa zaidi ya nusu karne hakuweza kuhudhuria. Alipewa pasipoti mwaka 1958, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua kwamba serikali haina haki ya kumnyima raia pasipoti kwa ajili ya mawazo yake. Mwezi wa Desemba mwaka huo, Mkutano wa Watu wa Afrika Yote ulifanyika Accra chini ya uenyekiti wa Tom Mboya wa Kenya. Du Bois alikuwa mgonjwa Urusi, na hotuba yake ilisomwa na mkewe. Vijana wengi waliokuwa wakipigania uhuru wa nchi zao, kutoka pande zote za bara, waliyasikia mawazo yake siku hiyo bila ya kumwona.

WITO KUTOKA ACCRA

Tangu mwaka 1909 Du Bois alikuwa na nia ya kutunga ensaiklopidia, yaani kamusi kuu ya maarifa, itakayoeleza habari zote za watu weusi. Aliwaandikia barua wasomi wa nchi mbalimbali kuwaomba wamuunge mkono. Fedha hazikupatikana. Katika miaka ya 1930 alijaribu tena kwa kushirikiana na shirika moja la hisani la Marekani, akafanya kazi ya miaka mingi ya kukusanya majina na mada. Wenye fedha wakakataa kutoa, maana baadhi yao waliona kwamba msomi mweusi hawezi kuandika habari za watu wake bila ya upendeleo. Kilichochapishwa mwaka 1945 kilikuwa kitabu kimoja tu cha matayarisho. Tunajiuliza: mbona Mwingereza anayeandika habari za Uingereza haambiwi kwamba ana upendeleo?

Mwaka 1960 Du Bois na mkewe walialikwa kuhudhuria sherehe za Ghana kuwa jamhuri. Wakati huo Nkrumah alimweleza kwamba angependa ensaiklopidia ile itungwe Ghana, kwa fedha za Ghana. Mapema mwaka 1961 habari zikamfikia kwamba fedha za kuianza zimekwisha kutengwa. Mwezi wa Machi mwaka huo binti yake wa pekee, Yolande, alifariki ghafula. Kamba za mwisho zilizomfunga Marekani zilikuwa zimekatika.

Kabla ya kuondoka alifanya jambo lililowashangaza wengi. Tarehe 1 Oktoba 1961 aliomba kwa barua ya hadhara kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha Marekani. Siku chache baadaye alipanda ndege pamoja na Shirley. Wako waliomsifu kwa ushujaa, na wako waliosema kwamba mzee amepotoka. Sisi tunaona kwamba lilikuwa jambo la mtu aliyeamua kusema lililo moyoni mwake kabla ya kufunga mlango. Hata hivyo ukweli lazima usemwe wote: sifa alizozitoa kwa watawala wa Kisovieti, na hasa kwa Stalin, zilifumbia macho mateso ya watu wengi. Ukubwa wa mtu hauondoi makosa yake.

MAISHA KATIKA NYUMBA MPYA

Serikali ya Ghana ilimpa nyumba ya vyumba saba katika mtaa wa Cantonments, sehemu ya mji ambako zamani walikaa maofisa wa serikali ya kikoloni. Haikuwa na ghorofa, ilikuwa na uwanja wenye miti, na ilikuwa na nafasi ya kutosha kwa vitabu. Alipewa pia motokaa na watumishi. Mtu ambaye nyumba ya babu yake ilimponyoka kwa kukosa fedha za kuitengeneza, sasa alikuwa amepewa nyumba na taifa lililokuwa na umri wa miaka minne na miezi michache.

Maisha ya humo yalikwenda kwa saa. Du Bois alikuwa mtu wa utaratibu tangu ujana wake: kazi kwa wakati, chakula kwa wakati, na usiku saa nne yuko kitandani, hata kama wageni wangali sebuleni. Wageni hawakukosekana. Walifika mawaziri, mabalozi na wanafunzi, na walifika pia Wamarekani Weusi waliokuwa wamehamia Ghana miaka hiyo, miongoni mwao waandishi Julian Mayfield na Maya Angelou. Kwao nyumba ile ilikuwa ushahidi kwamba yawezekana kurudi.

Lakini kurudi si jambo jepesi. Du Bois hakujua lugha ya wenyeji. Hakujua ukoo wake ulitoka kijiji gani, wala kama Tom alitekwa katika nchi hiyo au nyingine. Alichokuwa nacho ni wimbo wa maneno machache yasiyo na maana kwake. Ghana haikuwa kwao kwa kuzaliwa; ilikuwa kwao kwa hiari yake na kwa hiari ya wenyeji waliompokea. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, lakini hawakutuambia afanyeje mtu ambaye utumwa wenyewe ndio uliompokonya kwao. Du Bois alilijibu swali hilo kwa njia anayoijua, yaani kwa kufanya kazi.

Aidha, nchi aliyofikia haikuwa pepo. Katika siku zile zile za Oktoba 1961 alipokuwa akiwasili, serikali ya Nkrumah iliwatia kizuizini wapinzani kadhaa bila ya kuwafikisha mahakamani, baada ya mgomo mkubwa wa wafanyakazi. Mmoja wao alikuwa Dk. J. B. Danquah, mwanasheria na mwanachuoni mwenye heshima kubwa. Aliachiliwa mwaka 1962, akakamatwa tena mwaka 1964, akafia gerezani mwezi wa Februari 1965. Basi katika mji mmoja mwanachuoni mmoja alikuwa akifunguliwa mlango wa nyumba, na mwingine akifungiwa mlango wa gereza. Du Bois, ambaye mwenyewe aliwahi kuvishwa pingu kwa mawazo yake, hakuinua sauti yake hadharani dhidi ya mwenyeji wake. Jambo hili huwasumbua wanaompenda, na ni haki liwasumbue.

KAZI YA ENSAIKLOPIDIA

Ofisi ya Ensaiklopidia Afrika ilifunguliwa Accra, chini ya Taasisi ya Sayansi ya Ghana. Msaidizi mkubwa wa Du Bois alikuwa Dk. Alphaeus Hunton, Mmarekani Mweusi aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Howard na kufungwa jela Marekani kwa ajili ya siasa. Hunton alizaliwa Atlanta mwaka 1903, na wazazi wake waliuhama mji huo baada ya mauaji yale ya mwaka 1906.

Du Bois aliubadili mpango wake wa zamani. Awali alikusudia kueleza habari za watu weusi popote walipo duniani. Sasa alikubali kwamba ensaiklopidia iwe ya bara la Afrika na watu wake, na kwamba waandishi wake wawe hasa wanachuoni wa Kiafrika wenyewe. Wageni wangesaidia, lakini hawangeshika usukani. Hayakuwa mabadiliko madogo kwa mtu aliyeibeba fikra hiyo peke yake kwa nusu karne. Mwezi wa Desemba 1962 ulifanyika mkutano wa wanachuoni katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, kujadili namna ya kuiendesha kazi. Iliafikiwa kuwa nchi mbalimbali ziunde kamati zao za kushirikiana na ofisi ya Accra, ili kila nchi iandike habari zake.

Mzee mwenyewe alijua kwamba hataiona mwisho wake. Mwaka huo wa 1962 alifanyiwa upasuaji London, na nguvu zake zilipungua. Aliipanga kazi kama mkulima mzee apandaye minazi: anajua kwamba watakaokula nazi ni wajukuu.

URAIA NA MAUTI

Mapema mwaka 1963 pasipoti yake ya Marekani ilifikia mwisho. Ubalozi wa nchi hiyo mjini Accra ulikataa kumwandikia nyingine, kwa sababu sheria ya Marekani ya wakati huo ilimkataza mwanachama wa Chama cha Kikomunisti kuwa na pasipoti. Mwezi wa Februari akawa raia wa Ghana. Wengi huandika kwamba aliukana uraia wa Marekani. Ni kweli zaidi kusema kwamba nchi aliyozaliwa ilimfungia mlango, na nchi aliyoichagua ikamfungulia. Siku alipotimiza miaka 95, Chuo Kikuu cha Ghana kilimtunukia shahada ya heshima.

Dk. Du Bois alifariki Accra tarehe 27 Agosti 1963. Siku ya pili yake, tarehe 28, watu wapatao robo milioni walikusanyika Washington kudai haki za Weusi, na ndipo Martin Luther King alipotoa hotuba yake mashuhuri. Habari za kifo zilitangazwa mbele ya umati ule, na watu wakanyamaza kwa muda kumkumbuka. Ghana ilimfanyia mazishi ya taifa tarehe 29 Agosti, akazikwa karibu na ngome ya Osu, ufukoni mwa bahari. Ngome hiyo, iliyojengwa na Wadenishi, ilikuwa zamani mojawapo ya milango ambayo watumwa walipitishwa kwenda ng'ambo. Mjukuu wa waliotoka kwa minyororo alilazwa kwenye mlango huo huo kwa heshima ya mizinga na bendera.

BAADA YAKE

Hunton aliishika kazi. Lakini tarehe 24 Februari 1966 jeshi lilimpindua Nkrumah, na mambo yakageuka. Shirley Du Bois, aliyekuwa mkurugenzi wa televisheni ya Ghana, ilimbidi aondoke, akaenda kuishi Cairo. Huko aliendelea kuandika, na mwaka 1975 alitoa kitabu cha maisha ya Mwalimu Julius Nyerere. Alifariki Beijing mwaka 1977. Hunton naye alifukuzwa Ghana. Rais Kaunda wa Zambia alimkaribisha, na huko Lusaka akafariki Januari 1970. Basi kazi ile iliyoanza Great Barrington na Atlanta iliacha kaburi pia katika Afrika ya kati, jambo ambalo watu wa upande wetu hatulikumbuki ipasavyo.

Ofisi ya Accra haikufungwa, ila ilikwenda kwa mwendo wa kobe. Juzuu ya kwanza, ya wasifu wa watu mashuhuri wa Ethiopia na Ghana, ilitoka mwaka 1977 chini ya uhariri wa Mghana, L. H. Ofosu-Appiah. Ya pili, ya Sierra Leone na Zaire, ilitoka mwaka 1979. Ya tatu, ya nchi za kusini ya Afrika, ilitoka mwaka 1995. Mwaka 1999 wanachuoni wawili, Kwame Anthony Appiah aliyelelewa Kumasi na Henry Louis Gates wa Marekani, walitoa ensaiklopidia nyingine ya Afrika kwa kumkumbuka Du Bois. Ilikuwa kazi kubwa na yenye manufaa, lakini ilihaririwa na kuchapishwa Marekani. Sharti lile la mwaka 1962, kwamba usukani uwe Afrika, lilikuwa limewekwa kando.

Mikutano aliyoianzisha ilitufikia mlangoni. Wa sita ulifanyika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1974, wa kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, na wa saba ukafanyika Kampala mwaka 1994. Ama nyumba yake ya Accra, mwaka 1985 serikali ya Ghana iliifungua rasmi kuwa kituo cha kumbukumbu na utamaduni wa Afrika, na mwili wake ukahamishwa kutoka ngomeni ukazikwa katika uwanja wa nyumba hiyo. Vitabu vyake viliachwa humo humo, rafuni.

Kati ya nyumba zote alizokaa mwanachuoni huyo, hiyo aliyoishi kwa muda usiotimia miaka miwili ndiyo iliyobaki na jina lake mlangoni. Nyumba ya babu yake imekuwa kiwanja kitupu. Lakini hatuamini kwamba angeridhika na heshima ya jengo. Aliwaachia wanachuoni wa Afrika kazi yenye mpango, kamati na sharti, na kwa upande wa nchi zetu za Afrika Mashariki juzuu za wasifu wa watu wetu wenyewe hazikutoka katika mfululizo ule. Vyuo vikuu tunavyo, wasomi tunao, na wazee wenye habari wangalipo, ingawa hupungua kila mwaka. Deni hilo halihitaji mtu kuvuka bahari akiwa na miaka 93. Linahitaji watu walioko nyumbani tayari.